Nyumba na Shamba: Mkopo wa Serikali Huanzia Barazani

Habari ya fedha ya Serikali haikai siri kijijini. Jina la mkulima likishasomwa katika orodha ya parishi, jua halijatua majirani wamekwisha kujua, mwenye duka aliyemkopesha sukari amejua, na shemeji aliyeko Mbarara mjini amekwisha kupiga simu ya pongezi na kueleza shida zake. Katika shamrashamra hiyo, aghalabu wa mwisho kuulizwa fedha itatumikaje ni wale watakaoifanyia kazi: mke atakayepalilia, kijana atakayechunga, na mama mzee aliyekwisha kuona ukame zaidi ya mmoja.

Rugaaga ni kaunti ndogo katika wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Wilaya hiyo ilikatwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Kusini yake mto Kagera unaitenga na Tanzania, na ndani yake yamo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, jirani wa Rugaaga wa tangu zamani. Ni nchi ya vilima, migomba na ng'ombe, na matoke yake huliwa hadi Kampala. Lakini vile vile ni nchi iliyomo katika ukanda wa wafugaji, ambako mvua ni chache na haziaminiki. Katika mwaka 2016 na mwanzo wa 2017 ukame uliipiga Isingiro vibaya sana, migomba ikakauka na nyumba zilizokuwa zikiuza chakula zikaanza kukinunua. Kwa hiyo mkulima wa Rugaaga anapopewa shilingi za kukuza shamba, hapati fedha tu. Anapata pia jukumu la kuchagua vema mahali ambapo kosa la msimu mmoja huweza kula kazi ya miaka miwili.

Fedha inayozungumzwa leo ni ile ya Mpango wa Maendeleo ya Parishi, ambao Rais Yoweri Museveni aliuzindua huko Kibuku tarehe 26 Februari, 2022. Parishi, ambayo wenyeji huiita muruka, ni mkusanyiko wa vijiji kadhaa, na nchi nzima inazo zaidi ya 10,000. Wakati mpango unaanzishwa ilihesabiwa kwamba kaya 39 katika kila 100 za Uganda zilikuwa zikilima kwa ajili ya tumbo tu, bila ya kuingia katika uchumi wa fedha. Serikali ikaamua kwamba kila parishi ipewe shilingi milioni 100 kwa mwaka, ziwekwe katika chama cha akiba na mikopo cha wananchi wenyewe, na kila kaya iweze kukopa hadi shilingi milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Mgawanyo wake nao umepangwa: asilimia 30 kwa wanawake, 30 kwa vijana, 20 kwa wanaume, 10 kwa wazee na 10 kwa watu wenye ulemavu.

Hesabu yake ni nyepesi, lakini yafaa ifanywe. Milioni 100 zikigawanywa kwa milioni moja moja, hutosha kaya 100 kwa mwaka. Parishi yenye kaya nyingi kuliko hizo itakuwa na watu wanaosubiri. Nao hawasubiri Kampala peke yake. Wanasubiri pia majirani zao waliotangulia kukopa warudishe, maana mfuko huu ni wa kuzunguka.

RUZUKU NA MKOPO

Wakulima wengi wa Uganda wameizoea Serikali kwa sura nyingine. Tangu sheria ya NAADS ya mwaka 2001, na zaidi tangu mwaka 2013 maofisa wa jeshi walipoingizwa katika kazi ya kugawa mbegu na miche, mkulima aliletewa kitu hadi karibu na mlango wake bila ya kutoa senti. Miche mingi ilistawi, lakini mingi pia ilifika mvua zimekwisha, ikakauka vifunguni mwake. Aliyepokea hakuwa amelipa chochote, kwa hiyo hakuwa na la kulalamikia sana, na wengine hawakujisumbua hata kuchimba mashimo.

Kuanzia mwaka 2018 likajaribiwa jambo la pili katika wilaya zilizochaguliwa, chini ya mradi uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Mkulima alilipa sehemu, na Serikali ikalipa sehemu, kwa njia ya hati ya simu. Msimu wa kwanza mkulima alitoa asilimia 33 ya thamani ya mbegu na mbolea, na Serikali ikatoa 67. Msimu wa pili walikwenda nusu kwa nusu. Msimu wa tatu mkulima alitoa 67 na Serikali 33. Hiyo ndiyo ruzuku hasa: mkono unaomshika mtoto anapojifunza kutembea, nao hulegezwa kidogo kidogo. Nchi jirani nazo zimeitumia njia ya namna hiyo. Tanzania katika msimu wa 2022/23 ilitenga shilingi bilioni 150 ili bei ya mbolea ishuke, na Kenya mwaka 2023 iliuza mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 2,500 za Kenya.

Fedha ya parishi si ya aina hiyo. Si zawadi kama miche ya jeshi, wala si sehemu ya bei kama hati ya simu. Ni mkopo wenye riba ndogo. Ruzuku yake imo katika wepesi wa riba hiyo na katika kukopeshwa bila ya kuweka hati ya shamba rehani, jambo ambalo mkopeshaji wa kawaida mjini hawezi kulifanya. Wapo waliosikia neno "Serikali" wakalifasiri kuwa ni "bure", na wengine wakadhani kwamba hiyo ni shukrani ya kura. Fasiri hiyo ni hatari, kwa sababu mtu aliyepewa bure hula, na mtu aliyekopa hupanda. Waswahili walikwisha kuonya kwamba kukopa ni harusi, kulipa ni matanga. Lakini matanga hayo huja kwa yule aliyefanya harusi kweli.

BARAZA LA NYUMBANI

Sharti moja la mpango huu halisemwi sana, nalo ndilo muhimu kuliko yote katika ukurasa wa mambo ya nyumbani. Mkopo huandikwa kwa jina la mtu mmoja, lakini huhesabiwa kuwa ni wa kaya. Mume akikopa, mke amekopa. Mke akikopa, mume hawezi kuja kukopa tena kana kwamba anaishi peke yake. Kama ndivyo, basi kabla ya fomu kuandikwa hapana budi nyumba ikae baraza.

Ichukuliwe nyumba moja ya mfano. Yumo mume na mkewe, watoto watano ambao mkubwa wao ana miaka ishirini, na mama mzee wa mume. Wana ekari moja na nusu ya migomba, kishamba cha maharage, na kuku wachache wanaojitafutia wenyewe. Mume ameambiwa na wenzake kwamba kahawa sasa ni dhahabu, naye anataka milioni yote iende katika kahawa. Kijana anataka pikipiki ya kubebea abiria. Jioni, baada ya chakula, jambo linaletwa mbele ya wote.

Pikipiki huondolewa kwanza, na bila ya ugomvi, kwa kuwa milioni moja haifiki hata karibu na bei ya pikipiki mpya, na mpango wenyewe ni wa shamba na mifugo. Ndipo mke husema, "Baba watoto, kahawa siikatai. Lakini miche tukiipanda mvua hizi, miaka miwili itapita ndiyo kwanza inaanza kuzaa. Siku watakapokuja kudai, tutawapa majani?"

Mume hunyamaza, maana swali hilo halikuulizwa katika kikundi. Mama mzee naye hutia neno lake: "Mwanangu, mwaka ule wa ukame migomba ilianguka yenyewe. Kilichowalisha hawa watoto ni mbuzi tuliyemuuza."

Wanawake hao wawili hawakusoma kitabu cha uchumi, lakini wamesema jambo ambalo wataalamu wa mikopo hulifundisha darasani: urefu wa deni ulingane na urefu wa mazao. Muda unaotajwa sana na viongozi kwa mkopo huu ni miaka miwili, na tarehe ya kila mkopaji ni ile iliyoandikwa katika hati yake. Mche wa kahawa huchukua kiasi cha miaka miwili hata mitatu kabla ya kutoa mavuno ya kutegemewa. Mgomba mpya hutaka mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kutoa mkungu wake wa kwanza. Maharage huiva kwa miezi mitatu. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na miezi mitano. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, na nguruwe hata minne haifiki. Orodha hiyo ikibandikwa ukutani karibu na kalenda, mabishano mengi ya nyumbani yatakwisha.

Haina maana kwamba kahawa ni mbaya. Kahawa ni mali ya miaka mingi, nayo hukubaliana vizuri na kivuli cha migomba. Maana yake ni kwamba mti wa miaka mingi hupandwa kwa faida, na mkopo wa miaka miwili hupandishwa kile kizaacho kwa miezi. Nyumba ya mfano hukata shauri hivi: fomu iandikwe ufugaji wa mbuzi, maharage yaendelee kwa mbegu yao wenyewe, samadi ya mbuzi irudi migombani, na kahawa ipandwe hapo baadaye, mche kwa mche, kutokana na mbuzi watakaouzwa. Kijana, ambaye pikipiki imempita, hupewa banda kuwa wizara yake, pamoja na ahadi ya mbuzi mmoja wa kwake katika uzao wa kwanza. Kijana asiyekuwa na fungu hachungi kwa moyo.

Jambo hili lifanywe kabla ya fomu, si baada yake. Shughuli iliyoandikwa ndiyo itakayokaguliwa na kikundi na mkuu wa parishi. Aandikaye mbuzi akanunua mabati, au aandikaye maharage akalipa mahari, amejifungia mlango mwenyewe.

HESABU YA MBUZI NA HESABU YA DENI

Ichukuliwe kwamba milioni hiyo imetosha kununua mbuzi majike wanne waliokwisha komaa, na bakio likatosha banda lililoinuliwa kutoka chini pamoja na dawa za minyoo. Beberu ataazimwa kwa jirani. Mbuzi akitunzwa vema huzaa kila baada ya miezi minane hivi. Kwa hiyo, wakipandwa mara moja, uzao wa kwanza utapatikana katika mwezi wa tano, wa pili karibu na mwezi wa kumi na tatu, na wa tatu karibu na mwezi wa ishirini na moja. Kwa tahadhari, kila jike lihesabiwe mtoto mmoja tu kila mara, ijapokuwa pacha si jambo geni.

Uzao wa tatu hauwezi kulipa deni, kwa sababu mwezi wa ishirini na nne ukifika watoto hao bado wananyonya. Wanaobaki ni wanane wa uzao wa kwanza na wa pili. Ikiwa ahadi ya kijana itatimizwa hubaki saba, na mmoja akifa hubaki sita. Deni nalo ni milioni moja, na riba ya asilimia 6 ni shilingi 60,000 kwa mwaka, ambayo kwa miaka miwili ni 120,000. Jumla ni shilingi 1,120,000. Zikigawanywa kwa mbuzi sita, kila mmoja lazima auzwe kwa karibu shilingi 187,000.

Hapo ndipo nyumba inapopaswa kwenda sokoni na kuuliza kabla ya kutia sahihi: je, mbuzi wa mwaka mmoja, wa sura na uzito wa hapa, huuzwa kwa bei hiyo? Kama ndiyo, deni litalipika, na majike manne pamoja na uzao wa tatu yatabaki kuwa mali halisi ya nyumba. Kama bei ni ndogo zaidi, pengo lijazwe kwa kuweka kando fedha kidogo ya maharage kila msimu tangu msimu wa kwanza. Kama pengo ni kubwa mno, basi ni heri kukopa laki sita kuliko milioni. Hakuna sheria inayomlazimisha mkulima kukopa hadi juu.

Vile vile mkulima asingoje mwezi wa mwisho ndipo auze. Katika miaka ya karibuni masoko ya mifugo ya kusini magharibi yamefungwa mara kwa mara kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Soko likifungwa, hesabu nzuri kuliko zote hulala. Mwenye busara huuza mmoja mmoja kadiri wanavyokomaa, na fedha yake huiweka penye akiba ya deni.

Kwa wale watakaochagua mazao ya shamba, mwalimu wao ni mvua. Rugaaga hupata mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba. Fedha inayoingia mwishoni mwa Agosti hukuta mkulima ana wiki chache za kutafuta mbegu. Fedha hiyo hiyo ikiingia Novemba, msimu umekwisha mpita. Aliyeandika maharage asikimbilie kupanda katika mvua za mwisho ili tu aonekane amefanya kazi. Na aende mapema akaeleze katika kikundi kwamba atasubiri Machi, na fedha ikae mahali pa salama hadi hapo.

SIMU NA MILIONI KAMILI

Fedha ya siku hizi haipokewi kwa bahasha. Huingia katika akaunti, na zaidi kwa njia ya pochi ya simu inayoitwa Wendi, iliyo chini ya benki iliyokuwa ikiitwa PostBank hadi mwaka 2025. Jambo hilo limeleta usalama, na limeleta pia swali jipya la nyumbani: simu ni ya nani? Mwanamke anayekopa katika fungu la asilimia 30 la wanawake, lakini fedha ikaingia katika simu iliyo mfukoni mwa mumewe, amekopa kwa jina na amebaki mtazamaji. Yampasa awe na laini iliyoandikishwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, na namba yake ya siri iwe siri kweli. Hiyo si vita ya mke na mume. Mume mwenye heshima zake hafurahi deni liandikwe kwa jina la mkewe na matumizi yawe ya mtu mwingine.

Mkopaji apokee fedha yake kamili. Katika wilaya mbalimbali wapo wakulima waliolalamika kwamba walidaiwa kwanza "chai", au kwamba milioni yao ilifika imemegwa. Rais mwenyewe amekemea jambo hilo mara kadhaa, na maofisa wa kupambana na rushwa walio chini ya Ikulu wamewakamata watumishi na viongozi wa vyama waliotuhumiwa. Mkulima na akumbuke kwamba riba huhesabiwa juu ya fedha iliyoandikwa, si ile iliyomfikia. Aliyepokea laki nane na akatia sahihi milioni moja atalipa milioni moja na riba yake, na wale waliomega hawataonekana siku ya kulipa. Anayedaiwa chochote kabla ya kupewa aulize mbele ya kikundi, kwa sauti ya kusikika, stakabadhi ya malipo hayo iko wapi.

DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mtoto wa shule lenye kurasa 48 linatosha kwa mkopo mzima. Ukurasa wa kwanza huandikwa tarehe ya kupokea, kiasi kilichofika mkononi, na tarehe ya kulipa. Kuanzia hapo kila ukurasa hugawanywa kwa mstari: kushoto kilichotoka, kulia kilichoingia. Dawa ya minyoo huandikwa. Kamba huandikwa. Mbuzi aliyechinjwa siku ya sherehe naye huandikwa, kwa bei ambayo angeuzwa, ili nyumba ijue karamu ile iligharimu nini.

Mtunza daftari awe mtoto anayejua kuandika vizuri, na kila mwisho wa mwezi alisome kwa sauti mbele ya baba, mama na bibi. Kusoma kwa sauti kuna faida mbili. Wasiojua kusoma husikia, na wenye tabia ya kuchota kimya kimya huona haya. Katika nyumba nyingi za Ankole fedha ya matoke na kahawa hupita mikononi mwa mume, na ya maharage hupita kwa mke. Kila mmoja hudhani mwenziwe anayo zaidi. Daftari moja likikaa katikati, dhana hizo huanza kupungua.

JIRANI WA NAKIVALE

Hesabu ya Rugaaga haikamiliki bila ya kumtaja jirani. Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kupokea wakimbizi kutoka Rwanda, na leo yana zaidi ya watu laki moja, wengi wao kutoka Kongo, wengine Burundi, Rwanda, Somalia na Ethiopia. Kiswahili husikika huko kila siku, na hata wenyeji wa Rugaaga wasiokijua hujifunza maneno ya kununulia na kuuzia. Uganda huwapa wakimbizi vipande vya ardhi vya kulima, lakini kadiri watu wanavyoongezeka vipande hivyo vimezidi kuwa vidogo.

Mkopo wa parishi uliwekwa kwa kaya za raia, na mwombaji hutakiwa kuwa na namba ya kitambulisho cha taifa. Mkimbizi anayelima ng'ambo ya mpaka wa makazi, mwenye jembe lile lile na mvua ile ile, hayumo katika orodha. Yeye ametegemea misaada mingine, na misaada hiyo imepungua. Tangu Julai 2023 Shirika la Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu, wengine wakipewa asilimia 60 ya posho kamili, wengine 30, na wengine wakaachwa bila kitu. Mwaka 2025 posho zilikatwa tena.

Jambo hili linamgusa mkulima wa Rugaaga moja kwa moja. Wakimbizi ndio wateja wa maharage, mahindi na kuku wake. Posho yao ikikatwa, soko lake linapungua. Wakimbizi hao hao ndio wanaokuja asubuhi kuomba kibarua cha kupalilia migomba. Posho ikikatwa, waombaji huongezeka, na hapo ndipo tabia ya mtu hupimwa. Yupo mwenye shamba ambaye, akiona watu kumi wanagombania kazi ya watu wawili, hushusha ujira na kuchelewesha malipo. Hupata faida ya wiki moja. Mwenye kulipa ujira wa haki siku ile ile hupata palizi safi na wafanyakazi wanaorudi msimu ujao. Zaidi ya hayo, shilingi aliyowalipa huenda ikarudi kwake kununua maharage. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee; na yafaa kukumbukwa kwamba wapo Waganda wengi ambao nao waliwahi kuwa wageni katika nchi za watu wakati wa miaka ya 1970.

DAWA YA DENI

Dawa ya deni ni kulipa, na kulipa hakuanzi mwezi wa ishirini na nne. Huanza siku ile mtu alipokataa kununua redio mpya kwa fedha ya mbuzi. Huendelea siku kijana alipoamka usiku wa mvua kufunga banda, na siku mtoto aliposoma daftari na baba akakubali kwamba matumizi fulani yalikuwa makosa yake.

Jua likichomoza vibaya na ukame ukarudi, kama ulivyokuja mwaka 2016, mkulima asijifiche. Aende kwa viongozi wa chama cha parishi mapema, na daftari lake mkononi, aeleze kilichokufa na kilichobaki. Mwenye daftari husikilizwa. Mwenye visingizio vitupu huandikwa mkorofi.

Ikumbukwe hatimaye kwamba katika kila parishi kuna nyumba inayosubiri. Huenda ni ya mjane wa upande wa pili wa kilima, ambaye jina lake halikufikiwa katika mia ya kwanza. Yeye hana habari na hesabu za Kampala wala za Benki ya Dunia. Anachojua ni kwamba jirani yake alipewa fedha mwaka juzi, akanunua mbuzi wanne, na kwamba siku jirani huyo atakaporudisha, zamu itakuwa karibu. Kila asubuhi anapokwenda kuteka maji huwatazama mbuzi wale wakila majani kando ya njia, na huwahesabu.